Mfuko Nilioushona kwa Ndani

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako ameingia makadeti wa anga na wewe unaogopa, nakuelewa kuliko unavyodhani. Mimi ndiye mama niliyewafanya watoto ishirini na wanne warudi nyumbani bila kuruka. Wengi mmesikia kwamba aliyeharibu ziara ile ni binti yangu. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni yangu, na ndiyo kubwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, meza ya kukatia iko chini ya dirisha, na ukutani nimebandika karatasi za vipimo vya wateja. Shule yangu iliishia msingi. Mume wangu ni fundi wa malori, mtu wa maneno mengi na kucha nyeusi. Tuna mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na minne. Wenzake makadeti wanamwita Antena, kwa sababu akisikia mngurumo angani, hata kama unamwambia jambo la maana, atasimama na shingo juu mpaka akuambie ndege hiyo ina injini ngapi.

Uoga wangu haukuanza na ndege. Mtoto huyu nilimsindikiza shule mpaka akanipita urefu. Akikohoa mara mbili, mimi nimeshavaa viatu vya kwenda hospitali. Baba yake alizoea kunicheka.

“Wewe mama, ungepata kitambaa ungemshonea parachuti kwenye begi la shule.”

“Cheka tu. Wewe hukumbeba miezi tisa.”

“Nimembeba mabegani miaka mitano. Hiyo haihesabiwi?”

Basi tulikuwa tunaishi hivyo, kwa utani, na uoga wangu tukaufanya kama mtu wa nyumbani, yupo tu, anakula na sisi.

Ziara zao za mwanzo zilikuwa za kwenda na kurudi. Walikwenda kituo cha hali ya hewa, akarudi anayataja mawingu kama anawataja mashangazi zake, huyu mpole, huyu mkorofi, huyu akija ujue kuna kilio. Wakaenda kwa askari wa zimamoto wa uwanja wa ndege, wakarushiwa povu, akarudi ovaroli imekauka kama ubao, nikaifua maji matatu. Mara ya tatu walipandishwa juu kwenye mnara wa kuongozea ndege. Siku hiyo alirudi kimya, nikamshika paji la uso nikidhani ana homa.

“Sina homa, mama,” akaniambia. “Nimeona wanavyozipanga. Kila moja na njia yake, hakuna kugusana. Kama wewe unavyopanga vipande kabla hujakata.”

Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuisifu kazi yangu namna ile. Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Ziara ya nne ilikuwa ya siku tatu. Basi saa sita njiani, kulala kwenye mahema, pembeni ya kiwanja kidogo cha ndege. Siku ya pili kila mtoto angepandishwa ndege ndogo na rubani, robo saa angani, atazame chini, ashuke. Antena alianza kuhesabu siku. Mimi nilianza kukosa usingizi.

Wazazi tuliitwa kwenye mkutano. Mkufunzi wao ni mwanamke mfupi, mkavu, aliyetengeneza ndege miaka ishirini kabla ya kuwa mwalimu. Hana mzaha. Alitoa kalamu mfukoni, akaiinua tuione.

“Hii ikidondoka chini ya kiti cha ndege ndogo,” alisema, “inaweza kuteleza mpaka kwenye fito zinazoongoza mabawa na mkia. Rubani anavuta usukani, usukani hauji. Kalamu tu. Kwa hiyo simu hazipandi basi. Kambini kuna simu ya ofisi, kila mtoto atapiga nyumbani dakika mbili kila siku. Na mlangoni mwa banda la ndege wanasimama wawili wawili. Kila mmoja anamwaga mifuko yake kwenye kopo, mwenzake anampapasa, kisha anatamka kwa sauti, ‘Mifuko mitupu,’ na kusaini daftari. Hatuwavui watoto nguo. Akisema mitupu, tunaamini ni mitupu. Kazi yetu yote imesimama juu ya neno la mtu.”

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nimemwangalia mdomoni. Nilisikia basi saa sita. Nilisikia mahema. Hayo mengine yalinipita.

Ovaroli za makadeti wote nilizishona mimi. Mkufunzi alinipa mchoro: mifuko miwili tu, kifuani, yenye zipu, na kwingine kote kusiwe na mfuko. Nilishona ishirini na nne hivyo hivyo. Halafu mchana wa siku moja kabla ya safari, Antena akiwa shuleni, nikaichukua ya kwake nikaigeuza ndani nje. Chini ya kwapa la kushoto nikamshonea mfuko wa kitambaa cha bitana, mwembamba, unaolala na mwili. Zipu sikuweka, kwa sababu zipu mkono unaihisi. Kifungo sikuweka pia. Mdomo nikauacha wazi. Humo nikatia simu ndogo ya vitufe tuliyokuwa tumeiweka kabatini, nikaizima sauti zote mwenyewe, mlio na mtetemo. Mtu aliyesomea ushonaji mwezi mmoja angekwambia kwamba mfuko wa mdomo wazi si wa kutia kitu kizito. Mimi nina miaka kumi na saba kwenye cherehani.

Asubuhi kituoni nilimkumbatia nikamnong’oneza. Mkono wake ukaenda kwapani, ukaipata simu.

“Mama, hairuhusiwi.”

“Nani atajua? Utaniandikia neno moja tu kila ukiamka na kila ukilala, kwamba u mzima.”

“Kifutio ndiye atakayenikagua.” Kifutio ni rafiki yake, wanamwita hivyo kwa sababu hawezi kuona kosa akaliacha.

“Kifutio ni rafiki yako. Tena atapapasa mifuko, hatapapasa makwapa.”

“Nitasema mitupu, na si mitupu.”

“Mwanangu,” nikamwambia, taratibu, nikimrekebisha kola, “kama huwezi kunifanyia hilo dogo, basi tuchukue begi turudi nyumbani. Safari itakuwa imeishia hapa.”

Sikumfokea. Nilibembeleza, na nadhani kufoka kungekuwa afadhali, angenikasirikia akakataa. Aliniangalia, akaangalia basi, wenzake wanagonga vioo wanamwita, “Antena! Antena, unashika mawimbi gani huko?” Akapanda.

Siku ile ya kwanza aliniandikia: nimefika. Nikalala kama mtoto. Nikajipongeza, nikasema mama mwenye akili ni huyu.

Kesho yake saa saba mchana, simu yangu ikaita kwa namba nisiyoijua. Nilikuwa mezani nakata koti la mteja. Ilikuwa simu ya ofisi ya kambi, na kwa sauti yake nilijua kuna watu karibu.

“Mama, hujambo? Mimi mzima. Mama, kile kitu cha kwapani sinacho.”

“Umekitupa?”

“Asubuhi tulikaa ndani ya ndege, mmoja mmoja, kujifunza pedeli. Nilipoinama nikahisi kinashuka. Kikapita kiunoni, kikapita mguuni, kama mjusi. Nikadhani kimeishia kwenye soksi. Niliposhuka, hakipo.”

“Kiko wapi sasa?”

“Pale nilipokaa. Chini kuna uwazi.”

Nikaweka mkasi. “Kuna mtu amejua?”

“Bado.” Kisha akashusha sauti. “Mama, saa nane wanaruka nayo.”

Mzazi mwenzangu, kuna maneno ambayo ningetoa kidole kuyarudisha. Nilisema hivi: “Nyamaza. Usijipeleke mwenyewe. Ndege nzima ile, kisimu kidogo kitafanya nini? Watakufukuza bure. Ukirudi tutaongea.”

Akanyamaza. Nilisikia mtu nyuma yake akisema, “Muda wako umekwisha, Antena, mpishe mwenzio.” Simu ikakatika.

Nikarudi kwenye koti. Nikachora kwa chaki, nikakata. Nikiwa nakata, ile kalamu ya mkufunzi ikanijia, na maneno yake yote yaliyokuwa yamenipita siku ile yakaja kwa mpangilio, moja baada ya jingine, fito, usukani, usukani hauji. Namba ya mkufunzi ilikuwa ukutani, kwenye karatasi iliyobandikwa pamoja na vipimo, naiona bila kuinua kichwa. Nilishika simu. Nikampigia nani? Niliipigia ile simu ndogo. Nilikuwa na wazo kwamba fundi mmoja angeisikia, angeitoa, na isingejulikana ya nani. Nilijua nimeizima sauti mimi mwenyewe. Niliipiga hata hivyo, nikaipiga tena. Baadaye niliambiwa mara kumi na moja.

Katikati ya hapo mume wangu akaingia kula. Akasimama mezani na sahani yake, akatazama kitambaa.

“Mama, hapa umekata mikono miwili ya kushoto. Huyu mteja ni kiumbe gani?”

Nikacheka. Naam, nilicheka. Nikamwambia joto linanichanganya.

“Antena amepiga?”

“Amepiga. Mzima.”

“Leo ndiyo anaruka,” akasema, akitabasamu na mdomo umejaa. “Leo tutakuwa na mtoto aliyetuona kutoka juu.” Akala, akaosha mikono, akaondoka. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Nilikaa. Nilijiambia mafundi hukagua kila kitu kabla ya kuruka. Nilijiambia simu ni nyepesi. Nilijiambia nikipiga, mtoto amekwisha, ndoto yake yote imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi. Saa nane ikapita. Mshale ukasogea, nami nikiutazama, na mkononi nina simu.

Saa nane na dakika arobaini mkufunzi akapiga yeye. “Binti yako ni mzima,” alianza hivyo, na hadi leo namshukuru kwa kuanza hivyo. Kisha akanieleza. Wa kwanza kupanda alikuwa Kifutio. Alikuwa ameshafungwa mkanda kiti cha mbele, rubani anataka kuwasha. Antena alitoka kwenye mstari akavuka kamba nyekundu ambayo haivukwi, akakimbia mpaka mbele ya pua ya ndege, mikono juu, akipiga kelele, “Zimeni! Zimeni! Mifuko yangu haikuwa mitupu!”

Mafundi walifungua sakafu ya ndege. Simu ilikuwa imelala ubavuni mwa fito moja, sikuelewa vizuri ni ipi, ila mkufunzi alisema, “Ingetosha.” Kufungua na kufunga na kukagua upya kulikula mchana wote. Kesho yake mvua ikanyesha mfululizo. Watoto ishirini na wanne wakakunja mahema wakapanda basi.

Nilikwenda kituoni kumpokea. Kwa kawaida wakishuka ni kelele tupu. Siku hiyo walishuka mmoja mmoja kama watu wanaotoka hospitali kumwona mgonjwa. Kifutio, ambaye amekula kwangu mara zisizo na idadi, alinipita bila salamu. Antena alishuka wa mwisho. Mkufunzi alikuwa naye, akanipa bahasha yenye ile simu.

“Ilikuwa ikipigwa sana,” akasema. Alikuwa ananitazama machoni. “Nimemuuliza binti yako nani alimpa. Anasema aliichukua mwenyewe kabatini, wewe hujui lolote.”

Aliniachia nafasi, mzazi mwenzangu. Nafasi ilikuwa pana, basi zima lingepita. Nilimtazama mwanangu, na mwanangu alikuwa anatazama kamba za viatu vyake.

Nikasema, “Watoto wa siku hizi.”

Mkufunzi akaitikia kwa kichwa mara moja, akaondoka. Antena alisimamishwa mwaka mzima, hagusi ovaroli. Kifutio alisimamishwa miezi mitatu, kwa sababu yeye ndiye aliyepapasa, akatamka, akasaini.

Tulipofika nyumbani kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kumwekea mtoto maji ya kuoga, ni kuigeuza ile ovaroli na kuufumua mfuko. Uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe. Nilipoinua kichwa, alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Akaenda kuoga.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Hakunichukia waziwazi; angenichukia, ningejua la kufanya. Alifagia, alipika zamu yake, aliniitikia “naam mama” kama mtoto wa kuazima. Siku moja ndege ilipita chini kabisa, madirisha yakatetemeka. Alikuwa anakunja nguo za wateja. Hakuinua shingo. Aliendelea kukunja, na ni mimi niliyetoka nje kuitazama.

“Huyu ana nini?” baba yake akaniuliza.

“Aibu,” nikasema. “Itapita.”

Halafu tukaitwa tena mkutanoni, wazazi tu, Jumamosi saa tisa mchana, katika darasa lile lile. Niliketi na mume wangu karibu na mlango. Baadhi ya wazazi walikuwa wameandika barua, wanataka Antena aondolewe kabisa, mwaka mmoja hautoshi. Mkufunzi alisema kanuni inampa mwaka, lakini wazazi wengi wakikataa watoto wao kukaguana naye, hawezi kumlazimisha mtu. Asiye na mwenzi wa kukagua hawezi kuingia bandani. Maana yake ni moja, kwamba ameondolewa.

Mama yake Kifutio ni muuguzi, mteja wangu wa miaka mingi. Alisimama, na sare bado iko mwilini.

“Mwanangu ndiye aliyekuwa kwenye kile kiti,” alisema. “Amefungwa mkanda. Sitasema zaidi ya hapo, wenye watoto mnajua. Lakini kinachoniumiza ni kwamba yeye alikagua kwa uaminifu. Alipapasa mifuko yote miwili. Nani angemfundisha mtoto kumpapasa rafiki yake makwapa? Sasa haamini mtu. Juzi nimemwambia mikono yangu misafi, akataka aione.”

“Aondolewe,” akasema baba mmoja nyuma. “Leo simu, kesho je? Tabia hiyo imetoka wapi?”

“Imetoka nyumbani,” mwingine akajibu, na watu wakaguna.

Mume wangu alikuwa anasimama kumtetea mwanawe. Nikamshika mkono wa shati. Nikasimama mimi.

“Ule mfuko niliushona mimi,” nikasema. “Na simu niliitia mimi. Mtoto alikataa. Nikamwambia asipoichukua haendi.”

Nikaeleza uoga wangu, basi saa sita, mahema. Nikaomba radhi, nikaketi. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea: watu wakalainika. Mama mmoja akasema, “Hata mimi ningetamani kufanya hivyo.” Mwingine akasema uchungu wa mwana ni kitu kingine. Muuguzi mwenyewe akanitazama akatikisa kichwa, si kwa hasira. Nilihisi joto la kusamehewa linanipanda kifuani, tamu, kama chai ya asubuhi. Nikatambua kwamba nimewapa ile nusu nyepesi, ile ya mama mwenye mapenzi. Nikikaa kimya dakika moja zaidi, mkutano utafungwa, nitarudi nyumbani mwema.

Nikasimama tena.

“Sijamaliza. Saa saba mchana mtoto alinipigia. Aliniambia simu iko ndani ya ndege, na kwamba saa nane wanaruka nayo. Nilimwambia anyamaze.” Nilimtazama muuguzi, kwa sababu ilinilazimu kumtazama. “Namba ya mkufunzi ilikuwa ukutani mbele yangu. Sikuipiga. Nilikuwa na saa nzima na dakika arobaini. Mtoto ndiye aliyekataa kunitii. Kama angenitii, mimi sijui leo tungekuwa tumekutana hapa kwa jambo gani.”

Safari hii hakuna aliyesema, “Hata mimi ningetamani kufanya hivyo.” Muuguzi alishika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili. Akauliza, polepole, “Ulijua kuna mtoto ndani?”

“Nilijua kuna mtoto. Sikujua ni wako.”

“Na ingekuwa tofauti gani?”

Akaketi, akageuza uso dirishani. Tangu siku hiyo hajaniletea nguo, na mimi siwezi kumlaumu.

Mkufunzi alifungua daftari. Alisema adhabu ya Kifutio inafutwa leo, kwa sababu kanuni haijawahi kuwaambia watoto wapapase mfuko usiokuwepo kwenye mchoro. Kuanzia sasa watapapasa mwili mzima, juu ya nguo. Akasema Antena hataondolewa. Lakini mwaka wake unabaki.

“Kwa nini?” mume wangu akauliza. “Si mmesikia kwamba alilazimishwa?”

“Nimesikia,” akajibu. “Nilikuwa nimeshajua kabla, simu ilikuwa na jina la mama yake mara kumi na moja. Lakini mdomo uliosema ‘mitupu’ ni wa kwake, na yeye mwenyewe anajua. Nikimfutia, nitakuwa nimemwambia kwamba neno lake halina uzito. Neno hilo hilo ndilo lililoisimamisha ndege.” Kisha akanigeukia. “Wewe sina adhabu yako kwenye daftari. Ila kila mwaka naingiza watoto wapya, na kila mtoto ana mama. Andika.”

Ndiyo nimeandika. Ninalokuomba si usiogope, hilo siwezi kukuomba, mimi mwenyewe naogopa hadi sasa. Nakuomba mtoto wako akikupigia na jambo zito, usimwambie anyamaze. Na ukiwa na namba ukutani, piga. Mwache akasirikiwe, mwache afukuzwe, piga.

Njiani mume wangu hakutania. Tulipita maduka, tukapita gereji yake, ndipo akasema, “Ungeniambia siku ile nilipokuja kula.”

“Ungefanya nini?”

“Ningepiga mimi,” akasema.

Antena alikuwa mezani chumba cha mbele, anafanya hesabu za shule kwenye nafasi niliyomwachia kati ya vitambaa. Baba yake alipita moja kwa moja uani. Nikavuta kiti changu cha cherehani nikaketi mbele yake.

“Nimewaambia,” nikasema. “Kwamba mfuko niliushona mimi.”

Akaweka kalamu. “Na ile ya mchana?”

“Na ile ya mchana.”

“Yote?”

“Yote. Kifutio amefutiwa. Wewe hutaondolewa, lakini mwaka uko palepale.”

“Ni sawa,” akasema. “Nilisema mitupu.” Kisha akaniuliza, wala si kwa ukali, kama anayetaka kujua kipimo kabla ya kukata: “Mama, kama nisingevuka ile kamba, ungempigia mkufunzi?”

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ningepiga, mwanangu, nilikuwa ndiyo nataka kupiga, simu ilikuwa mkononi. Ni maneno mazuri, na yangemlaza salama. Lakini nilikumbuka ule mshale wa saa, na jinsi nilivyokuwa nautazama.

“Sijui,” nikamwambia.

Aliniangalia. “Afadhali umesema hivyo,” akasema, akavuta daftari lake karibu, akaendelea na hesabu. Nilikaa pale mpaka akamaliza, hakuniambia niondoke wala niendelee kukaa.

Hajaniuliza tena. Mimi najiuliza kila siku nikiketi kwenye ile meza, na bado sijapata jibu lingine.